Kiwavi, Brock na Malipizi Yangu ya Majilio



Juzi, baada ya kikao cha VIWAWA, kijana mmoja wa kidato cha tatu alinivuta pembeni akaniuliza swali ambalo nadhani wengi wenu mnalo ila mnaona aibu kulitoa: "Kaka, hivi kucheza gemu ni dhambi?" Simu ilikuwa mkononi mwake, na kwenye kioo nikaona sura ninayoijua vizuri. Jamaa mmoja macho yamefumba kama anasinzia. Brock. Kijana alikuwa amekwama kwa Brock siku ya tatu, na nina hakika nusu ya swali lake ilitokana na hasira tu.

Kuhusu dhambi nilimjibu kwa kifupi. Nilimkumbusha Mtakatifu Carlo Acutis, yule kijana wa Milano aliyefariki tarehe 12 Oktoba 2006 akiwa na miaka 15, na ambaye Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Carlo alikuwa na PlayStation. Alicheza. Ila alijiwekea kipimo cha saa moja kwa wiki. Saa moja! Mimi nikiwa na umri wake, saa moja ilikuwa ya kupasha vidole moto. Kwa hiyo gemu lenyewe si dhambi. Kipimo ndicho kazi.

Kuhusu Brock nilimwambia, "Kaa hapa chini, hili ni refu." Maana mimi na Brock tuna historia, na ndani yake kuna dhambi, siyo ya kucheza gemu. Nimeona niiandike hapa ili na wengine wafaidike, wale waliokwama kwa Brock na wale waliokwama kwingine.

Kwa wasiojua: Pokémon ni gemu la kukusanya viumbe. Lilitoka Japani mwaka 1996. Unatembea porini, unakamata viumbe wadogo, unawakuza, wanapambana na viumbe wa wenzako. Aliyelibuni, Satoshi Tajiri, alikuwa mtoto wa kukusanya wadudu. Miji ilipokula mashamba na mabwawa aliyokuwa akiokotea wadudu wake, akatamani watoto wa mjini waionje raha ile kwa njia nyingine. Sisi wa Mlalo hatukuhitaji mashine kwa hilo. Usambara yetu ina vinyonga wenye pembe, mende wa kila rangi, kumbikumbi mvua ikianza, na viwavi. Viwavi hasa. Mtu yeyote aliyelima kabichi kwenye matuta ya Mlalo anawajua viwavi, na hakuna anayewasifia. Bibi yangu alikuwa akipita asubuhi anawaminya kwa kidole gumba, mmoja mmoja, huku anasali rozari. Nakumbuka hivyo kabisa.

Sasa bwana. Nilikuwa kidato cha pili, naishi kwa Bibi. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa anasoma bweni huko chini na likizo alikuja kwa Bibi. Mjomba mmoja alikuwa amemnunulia Dar mashine ya Game Boy Color iliyotumika, ndani yake kaseti moja tu: Pokémon Yellow, toleo lililotoka Japani mwaka 1998 na Marekani mwaka 1999. Bweni hawakuruhusu vitu hivyo, kwa hiyo kila likizo ikiisha aliifunga kwenye kitambaa, akaiweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, akaniambia, "Dogo, usiguse." Hakunikataza kwa ubaya. Alikuwa ameicheza likizo nne. Alikuwa na beji sita kati ya nane, na Pikachu wake alishapita levo 40. Ile ndiyo ilikuwa mali yake. Sisi wengine tulikuwa na kuku.

Mwezi wa Machi niligusa.

Ukiiwasha kaseti ile na kuna faili, inakupa nafasi ya kuendelea au kuanza upya. Nilianza upya, kwa sababu nilitaka kuona mwanzo wake, na nikaandika jina langu. Nikacheza jioni nzima dirishani, maana kioo cha mashine ile hakina taa na kwa kibatari huoni kitu. Giza lilipoingia nikataka kuhifadhi. Mashine ikaniuliza swali. Ilieleza kwa Kiingereza kwamba faili la zamani litafutwa, je, ni sawa?

Kaseti ile ina nafasi ya faili moja tu. Hilo sikulijua. Lakini swali nilielewa. Katekista wetu alitufundisha mambo matatu yanayoifanya dhambi kuwa ya mauti, mnayakuta kwenye Katekisimu namba 1857: jambo lenyewe liwe zito, ulijue, na ulikubali kwa hiari. Mwanateolojia atasema faili la gemu si jambo zito. Sawa, mwambie kaka yangu. Hayo mawili mengine mimi nilikuwa nayo yote. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha pili, lakini neno "zamani" nilijua, neno "futa" nilijua. Nikabonyeza "ndiyo" kwa sababu nilitaka kesho nianzie pale nilipoishia. Basi. Hakukuwa na sababu nyingine kubwa zaidi.

Likizo ya Juni kaka akaja, akafungua sanduku, akawasha. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Kabla hajasema kitu nikasema mimi: "Kaka, nilitaka kukuambia. Nilijaribu kuiwasha nione kama ni nzima, nikakuta hamna kitu. Nadhani ile betri ya ndani imekufa. Nikaanzisha hilo jipya kuijaribu tu." Na uwongo huu ulikuwa mzuri, jamani, ndiyo maana naueleza. Ndani ya kaseti zile kweli kuna betri ndogo ya duara inayotunza kumbukumbu, na ikichoka kila kitu kinapotea. Yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza. Nilichukua maarifa yake nikamdanganya nayo.

Aliamini. Alikaa na mashine mapajani muda mrefu, halafu akaizima. "Kama betri inalegea itafuta tena," akasema. "Hakuna haja." Likizo nzima hakuigusa. Siku ya kuondoka akaniwekea mikononi: "Chukua wewe, dogo. Mimi basi."

Kwa hiyo nikapewa zawadi. Na tangu siku ile gemu lile halikuwa na utamu hata kidogo, tena nilikuwa nimekwama. Kwa Brock.

Hapa inabidi nieleze Brock ni nani. Katika Pokémon Yellow huchagui kiumbe wa kuanza naye. Unapewa Pikachu, panya wa umeme, wa levo 5, unapita msitu wa Viridian, unatokea mji wa Pewter. Pewter kuna jimu, na kiongozi wake ni Brock, mtu wa mawe. Huwezi kumkwepa. Ukijaribu kutoka mjini kwa upande wa mashariki kuna kijana anakuzuia na kukurudisha hadi mlangoni kwa Brock. Brock ana viumbe wawili: Geodude wa levo 10 na Onix wa levo 12. Onix ni nyoka wa mawe mwenye urefu wa mita 8.8. Wote wawili ni wa mawe na ardhi, na umeme haufanyi kitu kwenye ardhi. Sisemi unafanya kidogo. Sifuri. Yaani gemu linakupa rafiki mmoja, linakufanya umpende, anatembea nyuma yako kila mahali, halafu bosi wa kwanza kabisa ni yule ambaye rafiki huyo hawezi kumtekenya.

Nilifanya unachofanya wewe. Nilimlisha Pikachu mapambano mpaka levo 16, nikarudi. ThunderShock haikufanya kitu. Quick Attack iligusa, lakini jiwe linapunguza nguvu za mapigo ya kawaida kwa nusu, na ulinzi wa Onix ni mkubwa mno. Uhai wake ulishuka kwa unywele, unywele. Yeye ananibana na Bind, ananigonga na Tackle, mpaka Pikachu anaanguka. Ukishindwa, nusu ya fedha zako zinakwenda na unarudishwa kwenye kituo cha tiba. Nilishindwa mara saba. Katuni ilinipotosha pia. Kwenye runinga Ash anapata njia ya maji na Pikachu anafaa. Kwenye kaseti hakuna bomba la maji la kukuokoa.

Majilio yakafika. Kigango chetu ni kidogo. Mlalo wengi ni Waislamu, na Walutheri wamekuwepo tangu misheni ya Wajerumani ya mwaka 1891. Padre akija kwa maungamo, watu wanatokea hata vilimani. Nilipanga foleni nikiwa na orodha yangu ya kawaida: nimekosa heshima, nimekuwa mvivu wa kusali. Padre alikuwa mzee, na ukungu ule wa Novemba ulikuwa umemwingia kifuani, anakohoa. Nikamaliza orodha. Akauliza, "Hakuna kingine, mwanangu?" Sijui kwa nini nilisema. Nilisema.

Siri ya maungamo inamfunga padre, hainifungi mimi, kwa hiyo naweza kuwaambia alichoniambia. Hakucheka. Hakuuliza Pokémon ni nini. Aliuliza mambo mawili: "Anajua?" Nikasema hapana. "Kinaweza kurudishwa?" Nikasema hapana, Padre, kimefutwa. Akakaa kimya. "Chote?" Nikasema labda kidogo, mwanzo wake. Akasema: "Basi mwambie ukweli akija, na huo mwanzo mpe."

Mkitaka kusoma zaidi, Katekisimu namba 1459 inagusa hili hasa. Ondoleo linaondoa dhambi, lakini uharibifu uliotokana na dhambi bado upo pale, na mwenye kutubu anatakiwa afanye linalowezekana kuutengeneza. Zakayo katika Luka 19 hakuishia kusema samahani. Alitaja hesabu, mara nne. Mimi nilikuwa na wiki mbili kabla shule za bweni hazijafungwa.

Nilirudi nyumbani nikaiwasha mashine, nikachagua kuanza upya, na safari hii nikaandika jina la kaka. Jina lake la ubatizo ni refu, na gemu linakubali herufi saba tu, hivyo nililikata pale pale alipolikata yeye. Jioni nikahifadhi. Swali likaja lile lile: faili la zamani litafutwa, ni sawa? Lilikuwa faili langu, na Pikachu wangu wa levo 16. Nikabonyeza ndiyo.

Sasa nilikuwa na mwanzo, lakini mwanzo unaoishia kwa Brock si zawadi. Nilitaka nimpe angalau beji moja mkononi. Na nilishashindwa mara saba.

Jibu lilikuwa sandukuni. Nikiwa natafuta kitambaa cha kuifungia mashine nilikuta daftari lake la zamani la hesabu, na kurasa za nyuma alikuwa ameandika mambo ya gemu kwa penseli. Ukurasa wa kwanza kabisa: "Pikachu hapigi mawe. Usilazimishe. Kiwavi → kipepeo levo 10." Hapo nikakumbuka kwamba kwenye timu yake ya beji sita alikuwa na kipepeo, na mimi nilimcheka: una Pikachu wa levo 40, unabeba kipepeo wa nini?

Basi, hii ndiyo njia. Chukua kalamu.

Kwenye msitu wa Viridian kuna kiwavi anaitwa Caterpie. Ni kati ya viumbe dhaifu kuliko wote katika gemu zima, na ndiyo maana tunampita. Mkamate, tufe la kukamatia linauzwa 200 dukani Viridian. Mkamate akiwa bado kiwavi. Ukimkamata porini akiwa ameshakuwa Metapod, yaani kifukofuko, anajua jambo moja tu, kujikaza, na mtakaa pale mnajikaza wote wawili mpaka betri ziishe. Caterpie akifika levo 7 anakuwa Metapod lakini anabaki na pigo lake dogo la Tackle. Akifika levo 10 anakuwa Butterfree, kipepeo, na katika toleo hili la Yellow anajifunza Confusion pale pale.

Kwa nini Confusion? Hapa ndipo nilipomwelewa Onix kwa mara ya kwanza. Kila kiumbe ana ulinzi wa aina mbili. Kuna ulinzi wa ngozi, dhidi ya mapigo ya mwili, na kuna ule uwezo wa pekee unaopambana na mapigo ya akili, moto, maji na kadhalika. Msingi wa ulinzi wa ngozi wa Onix ni 160, mkubwa kupita kiasi. Uwezo wake wa pekee ni 30. Na uhai wake wa msingi ni 35, sawasawa kabisa na wa Pikachu. Nguvu yake ya kupiga ni 45, pungufu ya Pikachu mwenye 55! Mita 8.8 za mawe, na ndani yake moyo wa panya. Miezi yote ile nilikuwa nagonga ukuta wakati mlango uko pembeni. Kipepeo uwezo wake wa pekee ni 80, na Confusion haigusi ngozi kabisa.

Kumlea kiwavi ndiyo kazi. Peke yake hawezi kushinda kitu. Kwa hiyo unamtanguliza mbele kwenye kila pambano, na zamu ya kwanza unamrudisha, unamwingiza Pikachu. Pikachu akiingia ndiye anayepokea pigo la adui la zamu ile. Kisha Pikachu anamaliza pambano, na ujuzi unagawanywa sawa kati ya wote walioshiriki, hata aliyesimama mbele kwa sekunde moja. Nusu inakwenda kwa kiwavi. Hii ndiyo kazi aliyokuwa nayo Pikachu katika habari ya Brock, na mimi sikuiona: hakupewa Brock ampige, alipewa kiwavi ambebe. Nilipogundua hivyo niliacha kumwonea hasira.

Levo 7 hadi 10 zinachosha. Amefungwa kwenye kifuko, hafanyi lolote la kuonekana, na wewe unazunguka kwenye nyasi zile zile. Mimi betri ziliniishia hapo. Mashine inakula betri mbili kama zile za saa ya ukutani, na taa yake nyekundu ilikuwa imeanza kufifia. Nikambebea jirani viazi kutoka shambani hadi barabarani Jumamosi nzima ili nipate za kununua nyingine. Mabega yaliuma hadi Jumanne. Najua jinsi inavyosikika: mtu anabeba viazi kwa ajili ya kiwavi wa kwenye kioo. Lakini ilikuwa mara ya kwanza, tangu Machi, kufanya kitu chochote kwa ajili ya kaka yangu.

Kama huna subira ya kiwavi kuna njia nyingine, kwa haki nizitaje. Magharibi ya Viridian, kwenye njia namba 22, unampata Mankey, ambaye katika Yellow anajifunza Low Kick levo 9, na Nidoran wa kiume au wa kike, ambao wanajifunza Double Kick levo 12. Mateke yanavunja mawe. Zote zinafanya kazi. Wanaocheza toleo jipya la mwaka 2018, Let's Go Pikachu, wameonewa huruma na watengenezaji: mlangoni kwa Brock kuna mtu hakuruhusu kuingia mpaka umwonyeshe kiumbe wa majani au wa maji. Sisi hatukuwa na mtu wa mlangoni.

Ukiingia kwa Brock, kipepeo wako awe levo 12 hivi, na umtangulize yeye. Utaogopa, kwa sababu kwenye karatasi mawe yanamponda mdudu anayeruka kuliko kitu chochote. Lakini angalia mapigo waliyo nayo kwa kweli: Geodude na Onix wa Brock katika toleo hili hawana hata pigo moja la mawe. Wana Tackle. Tishio ni jina. Piga Confusion, Geodude anaanguka. Kwangu ilichukua mapigo matatu. Akija Onix, endelea hivyo hivyo, ila kuwa macho na kitu kimoja kinaitwa Bide. Onix ananyamaza, hafanyi kitu, anapokea mapigo yako kwa zamu mbili au tatu, halafu anakurudishia mara mbili ya ulichompa. Akinyamaza hivyo na huna hakika ya kummaliza, usimpige. Fanya kingine, tumia String Shot, tumia dawa, subiri. (Nina dada yangu mmoja ananyamaza hivyo hivyo, na somo hili limenisaidia.)

Daudi mnamkumbuka, 1 Samweli 17. Sehemu tunayoipenda ni jiwe kumpiga Goliathi kwenye paji la uso. Mimi siku hizi nasoma zaidi aya ya 38 hadi 40. Sauli anamvisha silaha zake mwenyewe, kofia ya shaba, deraya, upanga. Zilikuwa silaha nzuri, za mfalme. Daudi anajaribu kutembea, anashindwa, anazivua. Anashuka kijitoni kuokota mawe laini matano. Mtu aliyekuwa amepewa kitu kizuri na akakubali kwamba hapa hakifai, bila kukitukana. Kwangu Pikachu alikuwa deraya ya Sauli. Na uwongo wangu nao: ulikuwa umenifaa vizuri sana Juni, ulinipa hata mashine, lakini kwa kaka yangu Desemba hausogei hata hatua moja.

Onix alianguka Alhamisi jioni, dirishani, mwanga ukiwa umebaki kama wa dakika kumi. Nilipiga kelele. Bibi akauliza kutoka jikoni kama nimeungua.

Kaka alifika Jumamosi, amelowa mvua tangu Lushoto. Nilimwacha ale kwanza. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nimeyafanyia mazoezi nikichota maji. Nilipomkalia mbele nikasema tu, "Kaka, betri ya ndani haikufa. Nilifuta mimi. Niliulizwa nikabonyeza ndiyo. Halafu nikakudanganya."

Alinitazama muda mrefu. "Beji sita," akasema.

"Ndiyo, kaka."

"Nilikupa na mashine."

"Ndiyo. Hii hapa."

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Aliinuka, akaenda kulala, na Jumapili hakunisemesha, hata kanisani tulikaa benchi mbalimbali. Jumatatu vilevile. Bibi aliona, hakuuliza. Alitupa sote wawili kazi ya kabichi, mstari huu yeye, mstari ule mimi, tukaminya viwavi asubuhi nzima bila neno.

Jumanne mchana nilimsikia amewasha. Muziki ule wa mwanzo unaujua ukiwa hata nje ya nyumba. Nilisimama pale pale mlangoni nilipokuwa nimesimama Juni. Aliona jina lake. Aliona limekatwa pale alipozoea kulikata. Akafungua orodha ya timu: Pikachu, na chini yake kipepeo wa levo 13. Akafungua beji: moja.

"Brock umempiga wewe?"

"Mimi."

"Na huyu?" Kidole chake kilikuwa kwenye kipepeo. "Nani alikuambia habari za kiwavi?"

"Daftari lako la hesabu. Kurasa za nyuma."

Akanyamaza. Halafu akasogea kidogo kwenye kitanda, upande wa dirisha, ili mwanga ufike kwenye kioo na mtu mwingine aweze kuona.